Zenzele Ngwenya na Namba Aliyotaka Isahihishwe

Zenzele Ngwenya, tunayemzika leo Jumamosi, tarehe 9 Julai 2022, alizaliwa tarehe 3 Mei 1946 hapa hapa Figtree, katika nyumba ya mabati iliyokuwa mita arobaini kutoka njia ya reli. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Mafulela Ngwenya, mnyapara wa genge la kutengeneza njia hiyo, na Bi Sithabile Moyo. Mama yake alisimulia kwamba kitoto hicho hakikulia kwa njaa wala kwa homa. Kililia treni ikichelewa. Alipokuwa na miaka minne alijua kutofautisha treni ya abiria na ya mizigo akiwa amefumba macho, na baba yake akajivunia jambo hilo mbele ya wageni.

Wasifu huu umeandikwa na mkewe. Ndani yake limo jambo moja ambalo marehemu aliagiza lisomwe leo mbele ya watu wote. Litasomwa lilivyo, mahali pake pakifika.

Alianza shule ya msingi hapa Figtree mwaka 1953, akaendelea na masomo katika misheni ya Cyrene kuanzia 1961 hadi 1964. Alifaulu vizuri hesabu na uchoraji wa ramani. Baba yake alipostaafu kwa maumivu ya mgongo, karo ilikosekana, na Zenzele akaacha shule akiwa wa pili darasani. Hakumlaumu mtu. Lakini hadi uzee wake, kila alipokutana na aliyekuwa wa kwanza, alimwamkia kwa kusema, "Bado nakukimbiza."

Tarehe 10 Januari 1966 aliajiriwa na Idara ya Maji ya Manispaa ya Bulawayo kama msoma mita. Kazi hiyo watu huidharau, na familia inapenda ifahamike vizuri. Msoma mita huingia katika kila ua, hupiga magoti, hufuta vumbi kwenye kioo, kisha huandika tarakimu anazoziona. Akiona uvivu wa kupiga magoti, anaweza kukisia, na wengi walikisia. Zenzele hakukisia. Kwa miaka arobaini, hadi alipostaafu tarehe 31 Mei 2006 akiwa msimamizi wa wasoma mita wote, hakuna nyumba hata moja iliyowahi kuleta lalamiko la kweli dhidi ya tarakimu zake.

Ndivyo alivyompata mke. Mwaka 1971 Bi Nomagugu Mabhena, binti wa Mchungaji Elija Mabhena, alikuwa mwalimu kijana akiishi katika nyumba za walimu Mpopoma. Mita ya maji ilikuwa nyuma ya nyumba, na kando ya mita alifungwa mbwa mkubwa mweusi. Wasoma mita waliotangulia walikuwa wakisimama getini na kuandika chochote. Zenzele alikuja, akarudi, akaja tena. Mara ya nne alibisha hodi.

"Dada, mbwa wako anauma?"

"Anauma."

"Basi naomba umshike. Mimi siandiki kwa kukisia."

Alimshika. Mchungaji Mabhena alitaka mkwe mwenye shahada, na hakuficha. Lakini aliposimuliwa habari ya mbwa alisema, "Anayepiga magoti mbele ya mbwa ili asidanganye, huyo atanifaa." Walifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1973, wakahamia Sizinda, mtaa wa watu wa reli, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyefanya kazi reli. Zenzele alichagua nyumba hiyo kwa sababu dirisha la jikoni lilitazama njia. Mungu aliwajalia watoto watatu: Mzingaye (1975), Siphathisiwe (1978) na Dingilizwe (Juni 1984).

Sasa tuje kwenye reli. Walikuwapo majirani waliomwona Zenzele akisimama kando ya njia na daftari, Jumamosi baada ya Jumamosi, wakadhani ni mzururaji. Hakuwa mzururaji. Alikuwa mpenzi wa garimoshi, naye hakuwa peke yake.

Jumamosi tarehe 6 Juni 1981, asubuhi ya baridi kali, alikuwa amesimama upande mmoja wa njia pale Mpopoma. Upande wa pili alisimama Mzungu mmoja mrefu, mwenye miwani. Treni ilipita katikati yao. Ilipokwisha, Mzungu alipiga kelele:

"Bwana! Umeipata namba? Miwani yangu imeingia ukungu!"

"Nimeipata! Futa miwani kwanza, ndipo nikwambie!"

Huyo alikuwa Bwana Desmond Pargeter, fundi wa ishara za reli, ambaye tangu siku ile aliitwa Mzee Desi na ambaye leo, akiwa na miaka themanini na minne, yuko hapa nasi. Baada ya mwezi akaongezeka Mzee Mjabuli Khumalo, fundi viatu wa Makokoba. Watatu hao hawakuwa na chama wala kadi. Walikuwa na pipa lililotobolewa matundu la kuwashia moto, benchi la chuma, chupa za chai na Jumamosi zao. Walikutana mwaka mzima, lakini wenyewe walisema mwaka wao ni baridi: Juni, Julai na Agosti. Wakati huo mvuke wa injini husimama hewani mweupe kama pamba, nao walikuwa radhi kugandishwa masikio ili wauone.

Mara nyingi mkewe aliwapelekea umxhanxa wa moto, chakula cha tikiti la kupika na mahindi mabichi. Alibaki ndani ya gari akisahihisha madaftari ya wanafunzi, kioo amekishusha vidole viwili, na hivyo aliyasikia mengi. Khumalo na Ngwenya waliitana kwa majina ya sifa ya koo zao, Khumalo akiwa Mntungwa na Ngwenya Mntimande, hata wakitukanana.

"Mntimande, soksi hizo umevaa mbili mbili?"

"Tatu. Viatu ulivyonitengenezea vinapumua kuliko mimi."

"Viatu vizuri hupumua. Mguu wako ndio umezoea kufungiwa kama mfungwa."

"Nyamazeni," Mzee Desi angesema. "Kuna kitu kinakuja."

"Ni dizeli hiyo, Mzee Desi," Zenzele angejibu. "Huoni hata haivuti pumzi? Ni friji yenye magurudumu."

"Friji au si friji, andika namba."

"Naandika. Lakini siipi salamu."

Mazungumzo yao yalikuwa hayo hayo, baridi baada ya baridi: magoti, bei ya mkate, nani amekufa, wajukuu, na iwapo injini fulani ilipakwa rangi upya au ilioshwa tu. Mwalimu Nomagugu alidhani mwanzoni kwamba ni upuuzi. Baadaye alitambua kwamba wanaume hao watatu, ambao sheria za zamani za ubaguzi wa rangi zisingewaruhusu kuketi benchi moja, walikuwa wameketi benchi moja kwa miaka arobaini na hawakuwahi kulizungumzia hilo. Walizungumza soksi.

Walikuwa na kanuni moja tu. Namba ya injini huandikwa na aliyeiona kwa macho yake. Ukiisikia tu, ukihadithiwa, ukiijua kwa mlio wake, unachora mstari mfupi na unanyamaza. Kila mmoja alikuwa na daftari lake, na Mzee Desi alitunza Daftari Kuu, lenye jalada jekundu, alimoingiza yaliyothibitishwa. Zilikuwapo injini za mvuke sitini na moja za aina moja, zenye tangi mbele na tangi nyuma, na atakayekuwa wa kwanza kuziona zote sitini na moja alitengewa kikombe cha bati, cheupe chenye ukingo wa buluu. Kikombe hicho kilining'inia kwenye msumari juu ya benchi, na hakuna aliyeruhusiwa kukinywea.

Kufikia Julai 1984 Zenzele alikuwa amebakiza moja, namba 398. Khumalo naye alikuwa amebakiza hiyo hiyo. Wote walikuwa wamesikia kwamba inapelekwa kukatwa chuma chakavu.

Jumamosi tarehe 14 Julai 1984 kulianguka jalidi iliyofanya majani yavunjike chini ya viatu. Mzee Desi alikuwa nyumbani na mafua. Mkewe Zenzele alikuwa nyumbani na Dingilizwe, aliyekuwa na wiki tano. Saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi ilipita treni ya makaa kutoka Hwange. Katika baridi ya namna ile mvuke hauondoki. Hujiviringisha na kuifunika injini yote, na kibao cha namba ubavuni mwa chumba cha dereva hakionekani. Wapenzi wa garimoshi wanajua kwamba asubuhi nzuri kuliko zote kwa macho ndiyo mbaya kuliko zote kwa namba. Treni ilipokwisha kupita, Zenzele alifungua daftari akaandika 398.

Jumamosi iliyofuata Mzee Desi aliinakili namba hiyo katika Daftari Kuu, akakiteremsha kikombe, akakijaza chai. Injini 398 ilikatwa mwezi Oktoba. Zenzele alinywa katika kikombe hicho kwa miaka thelathini na saba na zaidi.

Tangu hapo Khumalo alikuwa na swali lake. Kila mwaka, baridi ilipoanza na pipa likawashwa kwa mara ya kwanza, aliuliza:

"Mntimande, ile 398. Uliiona, au uliisikia?"

Zenzele alicheka, akasema, "Imo kwenye daftari, Mntungwa. Lete mkate."

Mkewe, ndani ya gari, hakucheka. Aliona kwamba jina la mtu aliyeheshimiwa kwa tarakimu zake linachezewa mbele ya moto. Tarehe 12 Desemba 2009, katika harusi ya Mzingaye, Mzee Khumalo alipewa maikrofoni awapongeze maharusi. Akasema, "Bibi harusi tumemwona kwa macho yetu. Hatukumsikia tu kwenye mvuke, kama baba mkwe wake anavyofanya." Watu walicheka, hata wasiojua maana. Mwalimu Nomagugu alisimama, akaichukua maikrofoni, akasema mbele ya wageni mia mbili, "Mume wangu hajawahi kuandika namba asiyoiona. Mzee Khumalo atataka radhi." Mzee Khumalo alitaka radhi. Marehemu alitazama sahani yake, na keki hakuila. Miaka miwili Khumalo hakukanyaga nyumba ya Sizinda, ingawa Jumamosi waliendelea kuketi benchi moja.

Afya ya marehemu ilianza kudhoofika mwaka 2019. Miguu ilivimba, moyo ulichoka, na madaktari walimzuia kupigwa na baridi. Alikubali mengi, hilo hakulikubali. Mzee Desi alimfuata kwa gari, Khumalo akambeba begani kutoka garini hadi benchini.

"Mzito wewe, Mntimande! Na chakula huli!"

"Ni soksi hizo, Mntungwa. Leo nimevaa nne."

Jumatatu tarehe 20 Juni 2022 alilazwa hospitali kuu ya mjini. Jumapili, tarehe 26, alasiri, jua likimfika miguuni, alimwomba mkewe afunge mlango.

"Mama Mzingaye, ile 398 sikuiona."

"Unaumwa. Pumzika."

"Naumwa moyo, siumwi kichwa. Nisikilize. Niliona mvuke tu. Nilisikia mapigo yake, yale ya kuchechemea, na 398 ilikuwa inachechemea hivyo. Nilikuwa na hakika. Mpaka leo nina hakika. Lakini sikuiona."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema lini? Ulishasema wewe, na maikrofoni."

"Kabla ya hapo ilikuwa miaka ishirini na tano, Baba Mzingaye."

Alifikiri. "Miaka hiyo nilikuwa nasubiri baridi iishe. Nikajiambia nitasema mwaka ujao. Kikombe kilikuwa kimeshapata moto mkononi."

Kisha akamshika mkono, akatoa agizo lake. Alitaka Daftari Kuu lisahihishwe, na sahihisho lisomwe siku ya maziko yake, si kwa kunong'ona. Mkewe alimwambia kwamba hilo litamvunjia jina. Alijibu kwa sauti iliyosikika vizuri kuliko siku zote za wiki ile: "Jina langu ni la mtu asiyekisia. Usinizike na namba ya kukisia."

Alifariki dunia Jumanne tarehe 5 Julai 2022, saa tatu asubuhi, mkewe na binti yake wakiwa kando yake.

Jumatano familia iliketi. Walikuwapo walioona kwamba agizo hilo ni la mgonjwa, kwamba habari za injini ni mchezo wa wazee, na kwamba si vizuri kumfukulia mtu kosa la miaka thelathini na minane kabla hajafukiwa. Mdogo wake, Bwana Mehluli Ngwenya, alisema, "Shemeji, wewe ndiye uliyelilinda jina hili kuliko sisi sote. Leo unataka kulitoboa mwenyewe?" Swali hilo lilikuwa la haki. Mjane alilala nalo, na Alhamisi asubuhi alikwenda Makokoba kwa Mzee Khumalo, ambako hakuwa amefika tangu mwaka 2009.

Alimkuta kibandani, kiatu mapajani. Alimwambia yote akiwa amesimama. Mzee Khumalo hakuonekana kushangaa. Alivuta kigoda, akampa.

"Keti, Mwalimu. Hilo nililijua siku ile ile. Nilikuwa nimesimama ubavuni mwake. Nami niliona mvuke tu."

"Na wewe uliandika nini?"

"Nilichora mstari."

"Basi kwa nini ulimsumbua miaka yote hiyo, na hata harusini?"

"Sikumsumbua. Nilikuwa namtengea nafasi ya kusema. Nilijua peke yake hataanza, kwa hiyo kila baridi nilimwanzia mimi. Naye kila baridi akaomba mkate." Aligonga msumari mmoja kwenye soli. "Ya harusini nilikosea. Siku ile sikumtengea nafasi, nilimziba. Kwa hilo nilitaka radhi, na nilimaanisha."

"Ungeweza kumwambia Mzee Desi."

"Nimnyang'anye rafiki yangu kikombe cha bati, Mwalimu? Chai yenyewe ilikuwa ile ile." Kisha akaongeza, "Mkitaka, liacheni. Mimi halinidhuru."

"Alisema lisahihishwe."

"Basi lisahihishwe," akasema Mzee Khumalo, na hapo ndipo alipolia.

Kwa hiyo, kama marehemu alivyoagiza, Daftari Kuu limewekwa leo juu ya jeneza lake, na ukurasa umefunguliwa. Mzee Desi ameleta kalamu. Mzee Khumalo, aliyechora mstari wake pale palipotakiwa, ameombwa achore na huu, naye amekubali. Sahihisho linasomeka hivi:

*Jumamosi, 14 Julai 1984, Mpopoma, saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi. Injini ya mvuke, treni ya makaa, mabehewa ishirini na mawili. Namba haikuonekana.*

Tena, mjane anayaondoa maneno aliyoyasema tarehe 12 Desemba 2009 mbele ya wageni mia mbili, na mbele ya watu wengi kuliko hao anamtaka radhi Mzee Mjabuli Khumalo. Katika miaka sabini na sita, mume wake aliandika namba moja asiyoiona. Hiyo ndiyo hesabu kamili, na familia haioni aibu kuitoa.

Kikombe kimerudi kwenye msumari wake juu ya benchi la Mpopoma. Pipa la moto, kama mlivyoona mlipofika asubuhi, wazee wamelibeba hadi hapa Figtree ili waombolezaji wapate joto, na wamesema litarudi kwao Jumamosi ijayo. Wamemwomba Mwalimu Nomagugu ashuke garini safari hii. Atashuka.

Marehemu ameacha mjane, Mwalimu Nomagugu Ngwenya, watoto watatu, Mzingaye, Siphathisiwe na Dingilizwe, wakwe wawili, wajukuu saba, mdogo wake, Mehluli, na marafiki zake wawili wa benchi, Mzee Desmond Pargeter na Mzee Mjabuli Khumalo, ambao familia imewaandika hapa miongoni mwa ndugu kwa sababu ndipo walipo.

Pumzika kwa amani, Mntimande. Umesomwa sawasawa, na hakuna aliyekisia.